Kadi ya SAS: diski nne zinakatika kwa pamoja nikikopi mafaili makubwa, tatizo ni kadi au diski?

mzee_wa_data:

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, hii kitu inaninyima usingizi kwa sababu kwenye hizi diski kuna picha na video za familia na kazi za watu. Nimeunda seva ya kuhifadhia mafaili, mazabodi ya kawaida tu ya dekstopu, Linux na ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski nyingi kwa pamoja). Mazabodi ina poti chache za SATA so nikafunga kadi used ya kuongezea poti za diski, yenye chipu ya SAS2008, ile ya konekta mbili za SFF-8087, kila konekta inatoa kebo yenye vichwa vinne vya SATA, jumla diski nane. Puli, yaani diski zote nane zikiwa hifadhi moja, ni raidz2 (inavumilia diski mbili tu kufa). Fimwea (programu ya ndani ya kadi) ni ya modi ya IT, ile inayopitisha diski moja kwa moja bila RAID, nimeikuta hivyohivyo.

Ikiwaka inaona diski zote nane, hakuna shida, mafaili madogo yanafunguka fresh tu. Sasa nikianza kukopi kitu kikubwa au nikiendesha skrabu (ukaguzi wa data yote ya puli), baada ya muda diski nne zinakatika kwa mpigo, halafu sekunde chache baadaye zinarudi ila kwa majina mengine, yaani iliyokuwa sdf inarudi kama sdj na kuendelea, na hapo ZFS inakuwa imeshasimamisha puli nzima. Zinazokatika ni zilezile nne, zote ziko kwenye konekta ya pili. Kwenye dmesg (ujumbe wa mfumo wa Linux) inajaa mistari ya log_info(0x31080000). Nikizima na kuwasha, kila kitu kinarudi kama hakijatokea kitu.

Jamaa mmoja ameniambia diski zimekufa ninunue mpya, mwingine anasema kadi ni mbovu nitupe. Sasa diski nne zife kwa pamoja kweli? Naogopa kugusa kitu nikapoteza data. Nianzie wapi?

fundi_sloti:

Pole sana mkuu. Kabla ya yote acha kukopi na acha skrabu, kila zikikatika katikati ya kuandika unaiweka puli pabaya. Kama kuna vitu huna nakala yake popote, fanya export ya puli halafu uiimport kwa kusoma tu, zpool import -o readonly=on, uhamishe hivyo vya muhimu kidogokidogo kwenye diski ya nje. Usifomati diski, usitoe hata moja kwenye puli, usiruhusu mtu yeyote akuambie "jenga upya".

Kuhusu tatizo lenyewe mimi nashuku joto. Hizi kadi za SAS2008 zimetengenezwa kukaa kwenye seva zenye feni kali zinazosukuma upepo kutoka mbele mpaka nyuma muda wote, ukiiweka kwenye kesi ya dekstopu inakaa kwenye kona haina upepo kabisa. Mashine ikiwa imefanya kazi kidogo gusa hitisinki (chuma cha kupozea chipu), ukishindwa kuweka kidole ujue ni moto kupita kiasi. Funga feni ndogo juu yake, na kama kadi ni ya miaka mingi toa hitisinki ubadilishe themopesti, ya zamani huwa imekauka imekuwa kama chaki.

Pia angalia toleo la fimwea. Unasema ya IT ila hujasema ni namba gani. Matoleo ya mwanzo ya P20 (fimwea za namba 20) yalisumbua sana watu, linaloaminika ni 20.00.07.00. Huna haja ya programu yoyote, mashine ikiwaka andika dmesg | grep FWVersion itakuonyesha. Ikiwa ni 20.00.00.00 au 20.00.04.00 basi panda, ukifanya hivyo chomoa diski zote kwanza na uandike pembeni ile SAS address iliyo kwenye stika ya kadi, na ukishafuta fimwea ya zamani usizime mashine mpaka umeweka mpya.

konekta_na_kebo:

Naheshimu aliyetangulia, mambo ya joto na P20 ni ya kweli na feni iwekwe tu, ila dalili za mzee hazielekei huko. Kadi ikizidiwa na joto chipu ni moja, inayumba yote, ungepoteza diski zote nane. Na fimwea nayo haichagui konekta. Hapa zinakatika nne zilezile halafu zinarudi kwa jina jipya, maana yake Linux imeona diski zimeondoka kabisa kisha zimechomekwa upya. So tafuta kitu ambacho hizo nne wanachangia peke yao. Viko viwili: kebo ya data na waya wa umeme.

Hiyo log_info isikutishe. 31080000 ni kadi inakuambia kwamba diski moja imepata kosa wakati ina foleni ya amri za NCQ, so amri zote zilizokuwa kwenye foleni zimerudishwa. Haisemi chanzo ni nini, inasema tu foleni imevunjika. Watu wengi wanaiona wanakimbilia kununua diski bure.

Sasa diski zenyewe zinaweka kumbukumbu ya kilichowapata, waulize. Endesha smartctl -a kwa kila diski zote nane (inasoma SMART, kumbukumbu za afya ya diski), uangalie namba za mwisho kabisa za mstari, ile safu ya RAW, sio zile za 100 au 200 zilizo katikati. 5 na 197 zikipanda hapo diski yenyewe inaumwa, sekta zimeharibika. 199 ikipanda diski iko sawa ila data inachafuka njiani, hiyo ni kebo au konekta haijakaa vizuri, zile za SFF-8087 lazima usikie zimelia klik. Ikipanda 12 (mara ambazo diski imewashwa) na 192 (mara ambazo imezimika ghafla) wakati wewe hujazima mashine, diski inakatiwa umeme. Linganisha nne zinazokatika na nne nzima, utofauti ndio jibu.

Halafu niambie hizo nne zinapata umeme kutoka wapi? Na zikikatika unasikia sauti gani?

njia_panda:

Samahani kuingilia, mimi nina kadi ya aina hiyohiyo imetolewa kwenye seva, nikiichomeka mashine haiwaki kabisa, feni zinazunguka ila skrini nyeusi, nikiitoa inawaka. Imekufa?

fundi_sloti:

@njia_panda hapana usiitupe. Kadi zilizotolewa kwenye seva mara nyingi zinagombana na mazabodi za dekstopu kwenye njia ya SMBus (njia ndogo ya mawasiliano kati ya kadi na mazabodi). Ziba pini B5 na B6 kwa kipande chembamba cha tepu isiyopitisha umeme, ile ya Kapton ndio nzuri maana haiyeyuki na joto. B ni upande wenye vipande vingi vya kadi, hesabu kuanzia mwisho ulio karibu na bati la nyuma la kesi, ya tano na ya sita. Zipime kwanza kwa macho vizuri, tepu ikizidi ukaziba ya saba au ya nne sio sawa. Kama bado, jaribu sloti nyingine, na kwenye BIOS zima option ROM (programu ya kadi inayojiendesha mashine ikiwaka) ya hiyo sloti ikiwa hubuti kutoka kwenye hizo diski.

mzee_wa_data:

Asanteni sana wakuu. Fimwea ni 20.00.07.00, hiyo imepita. Hitisinki ni ya moto ila kidole kinakaa, nimeshaweka feni hata hivyo.

SMART: 5 na 197 ni sifuri kwenye zote nane. 199 pia sifuri zote. Ila hii ndio imenishtua, 12 kwenye nne nzima inasoma 43 zote, kwenye zile nne zinazokatika ni 61, 61, 61 na 62. Na 192 nayo imepanda kwa hizo nne tu. Na kuhusu sauti kweli kabisa, zikikatika nasikia tak halafu zinaanza kuzunguka upya kuanzia chini, vuuu, kama vile umewasha mashine. Nilidhani ni kadi inazi-reset.

Umeme: pawa saplai yangu ina waya mmoja wa SATA wenye vichwa vinne na mwingine una kimoja tu kilichobaki. Nne za kwanza ziko kwenye ule waya wa vichwa vinne. Hizi nyingine nimeweka splita, kichwa kimoja cha SATA kinagawa vinne.

konekta_na_kebo:

Basi tumempata. Kadi yako iko sawa, diski zako ziko sawa, kebo ya data iko sawa. Ni splita.

Nikueleze kwa nini ili usinunue nyingine kama hiyo. Konekta ya umeme ya SATA ina pini tatu kwa kila volti, kila pini imeruhusiwa ampia 1.5, so kwenye volti 12 ukomo ni ampia 4.5 kwa konekta nzima. Diski moja ya inchi 3.5 wakati inaanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia 2 kwenye volti 12. Nne kwa pamoja ni kama ampia 8, zote zinapita kwenye kichwa kimoja cha 4.5. Zikishazunguka zinashuka chini ya ampia moja kila moja ndio maana mashine inawaka na unaona kila kitu kizuri, ila ukianza skrabu vichwa vya kusomea vinaruka huku na huku muda wote, mvuto unapanda, pini zinapata joto, pini yenye joto inaongeza ukinzani, volti inashuka, diski nne zinazima kwa pamoja. Na zikizima zinaanza kuzunguka tena zote kwa wakati mmoja, ule mzigo mkubwa kabisa unarudi palepale kwenye konekta ambayo tayari ni ya moto.

Zima mashine, chomoa kwenye ukuta, toa hiyo splita uangalie kichwa chake upande wa pawa saplai, plastiki ina rangi gani. Usiitumie tena hata kwa diski mbili. Kama pawa saplai ina konekta za Molex, zile nene za pini nne, chukua umeme huko, pini yake inabeba ampia nyingi zaidi. Ila adapta ya kutoka Molex kwenda SATA chagua ile ambayo waya zinabanwa na unaona vikonekta vya chuma, achana na zile ambazo plastiki imemiminwa moja kwa moja juu ya waya, hizo zimeunguza mashine za watu. Diski mbili kwa kila konekta, usizidishe. Au kama pawa saplai ni ya waya za kuchomoa, nunua waya wa ziada wa SATA wa modeli hiyohiyo, usichukue wa kampuni nyingine hata kama unaingia, mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani na unaweza kuua diski zote nane kwa sekunde moja.

mzee_wa_data:

Mkuu Mungu akubariki. Kichwa cha splita plastiki imekuwa ya kahawia kwenye pini za mwisho na pini moja imezama ndani. Nilikuwa nimeificha nyuma ya trei so sikuwahi kuiona tangu nifunge. Nimechukua umeme kwenye Molex mbili tofauti, diski mbilimbili, adapta za kubanwa. Nimefanya zpool clear, skrabu imepita mwanzo mpaka mwisho bila hata diski moja kukatika, imerekebisha makosa machache na zpool status -v haina faili lililoharibika. 12 na 192 hazijasogea.

Swali la mwisho, skrabu naona inaenda taratibu. Kadi iko kwenye sloti ndefu ya chini, ile ndefu ya juu ina kadi ya picha. Ni kawaida?

fundi_sloti:

Nafurahi sana data imepona, na @konekta_na_kebo asante, hapo kwenye joto nimeelewa utofauti.

Sloti ndefu ya chini kwenye mazabodi nyingi ni ndefu kwa umbo tu, ndani ina njia nne za data, nyingine ina moja. Andika lspci -vv kama root utafute kadi yako, mstari wa LnkCap utasema x8 ambayo ndio uwezo wa kadi, LnkSta ndio unachopata kweli. Hii kadi ni PCIe 2.0, kila njia inabeba kama MB 500 kwa sekunde. Ukiona x4 una MB 2000, inatosha diski nane za kuzunguka, hapo utaratibu unatokana na diski na mafaili yenyewe. Ukiona x1 basi diski nane zinagombania MB 500, hamisha. Angalia pia kitabu cha mazabodi, kuna sloti zinazopungua njia au kufa kabisa ukichomeka SSD ya M.2.

Na ukishaifungua tena, badilisha puli itumie majina ya /dev/disk/by-id badala ya sdf na sdj, export halafu zpool import -d /dev/disk/by-id, utakuwa unaona serial namba ya diski moja kwa moja kwenye zpool status. Andika hizo namba kwenye stika ubandike mbele ya kila trei.

njia_panda:

Tepu kwenye B5 na B6 imefanya kazi, imewaka na inaonekana kwenye lspci. Ila fimwea yangu ni ya modi ya IR (ile ya RAID), nafungua uzi mwingine nisiuchafue wa mzee.