Barua yangu ya kibali cha Kanada inakaribia kuisha, naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Niko Kayole, Nairobi. Mwezi wa tatu nilipata barua ya kuidhinishwa kufanya kazi Kanada, ile unayoonyesha ukitua uwanja wa ndege ndipo wakuchapie kibali chenyewe. Tiketi nilishakata, sanduku nikalipima kilo 23 kwa mizani ya muuza viazi, kisha mama akavunjika nyonga. Mimi ndiye kifungua mimba, ningemwachia nani?

Sasa anatembea na mkongojo, lakini barua inaisha tarehe 14 mwezi ujao na nauli sijapata tena. Mwajiri ameandika kuwa nafasi bado ipo. Kuna ajenti wa mjini anataka shilingi 40,000 eti "asukume" tarehe mbele. Nilipomwomba risiti alicheka. Huyo simwamini hata kidogo.

Je, kuna aliyewahi kuongezewa muda kwa kuwaandikia uhamiaji wa Kanada mwenyewe? Ulituma nini, barua ya mwajiri na karatasi za hospitali? Ama ni kuomba upya na kulipa tena? Alama za vidole angalau zinadumu miaka 10, ila vipimo vya afya ni miezi 12 tu, na vyangu nilifanya mwezi wa kwanza.