Tupeane uzoefu: ukimtuma kijana "plug", anakuletea ipi?

Fundi umeme: Kila karakana ina plagi yake. Ya kwetu ni ya pini tatu. Ukiifungua na kuitazama kwa ndani, waya wa kahawia kulia kwenye fyuzi, bluu kushoto, kijani-njano juu. Huo wa kijani-njano, wa ethi (wa ardhini), uachwe mrefu kidogo, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Na jamani, taa ya mezani haiwekewi fyuzi ya ampia 13! Waya mwembamba utaungua fyuzi ikiwa nzima. Chini ya wati 700, weka ampia 3.

Fundi pikipiki: Yetu ni ya cheche, ya kuwashia petroli kwenye injini. Tunatazama ncha. Kahawia iliyopauka, injini iko sawa. Masizi makavu, petroli inazidi au kichujio cha hewa kimeziba. Imelowa oili, kagua ringi na sili za valvu. Piga msasa, rudisha.

Mchangiaji: Msasa hapana, mkuu! Chembe hubaki kwenye kauri, mwishowe zinaingia kwenye silinda. Brashi na petroli, iache ikauke.

Fundi pikipiki: Msasa laini ukipuliza kwa kompresa hauna shida.

Mwingine: Nunueni mpya, kesi iishe.

Fundi magari: Mnabishania ya juu, balaa liko chini, kwenye plagi ya kumwagia oili. Sampu (beseni la oili chini ya injini) ni ya aluminiamu, mtu anachomeka bomba kwenye spana ili akaze zaidi, nyuzi za tundu linaloshika plagi zinakwanguka. Oili inadondoka tone kwa tone. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, dereva anasema atafika tu, injini inaanza kugonga, beringi za krenki zimekwisha. Ukiirudisha plagi, anza kwa vidole. Ikigoma mapema, toa uanze upya, maana imeingia upande. Weka washa mpya (pete bapa ya kuzuia kuvuja), kaza kwa spana fupi. Nyuzi zikishakufa usizibe kwa tepu ya mabomba. Weka helikoili (nyuzi mpya za chuma za kuingiza tunduni) au badili sampu.

Mchangiaji: Kweli kabisa. Washa ndiyo wengi wanairuka.

Seremala: Ya ukutani, ya kushikia skrubu, mmeisahau. Plagi ya milimita 6, biti ya milimita 6, tundu lizidi urefu wake kwa sentimita moja, vumbi litolewe. Kwenye tofali lenye uwazi zima nyundo ya drili, litapasuka.

Fundi dizeli: Yetu ni ya kupasha joto, haina cheche, msiitafutie mwanya. Ichomoe waya, pima kwa mita: nzima huwa chini ya omu 2, iliyokatika haisomi kitu.