Yujenoli ya karafuu: kwa nini napata 2.08?

BintiMikarafuuni
Assalamu alaykum. Niko kidato cha tatu, Pemba. Mwalimu katupa swali la yujenoli, ile kampaundi iliyo nyingi zaidi ndani ya mafuta ya karafuu. Kaboni 73.2%, haidrojeni 7.3%, oksijeni 19.5%, masi ya moli moja gramu 164. Tutafute fomula ya empiriko (uwiano mdogo kabisa wa atomi), kisha fomula ya molekuli (idadi halisi ya atomi ndani ya molekuli moja).

Nimefanya hivi: 73.2 ÷ 6 = 12.2, 7.3 ÷ 1 = 7.3, 19.5 ÷ 8 = 2.44. Nikagawa zote kwa 2.44, zikatoka 5, 3 na 1. Nikafurahi, namba zimekaa sawa kabisa: C5H3O, masi yake 79. Lakini 164 ÷ 79 ni 2.08. Nikichukua 2, C10H6O2 inakuwa 158. Gramu sita zimekwenda wapi? Nimerudia mara nne tangu baada ya Isha. Nataka nilielewe hasa swali hili, maana karafuu hizi ndizo tunazoanika juu ya majamvi hapa uani, na makonyo yake baba anayapeleka kiwandani yakatolewe mafuta.

ChakiNaUbao
Waalaykumu salaam, mwanangu. Kugawa umegawa vizuri, ila 6 na 8 ni namba za atomiki, yaani idadi ya protoni. Hapa tunapima uzito, basi gawa kwa masi: kaboni 12, oksijeni 16. Nimefundisha kemia miaka 19 na kosa hili nalisahihisha kila muhula, kwa sababu kwenye jedwali namba hizo mbili zimekaa pamoja, moja juu ya alama na nyingine chini.

Tazama lilivyokuficha. Kaboni na oksijeni zote ziliongezeka mara mbili, kwa hiyo 5 kwa 1 yao ikabaki ya kweli. Haidrojeni haikuongezeka, maana namba yake ni 1 na masi yake ni 1, ikaonekana nusu ya ilivyo. Gramu zako sita ni atomi sita za haidrojeni.

Hiyo 2.08 umefanya vyema kuisimamia. Jibu la mgawanyo ule lazima liangukie namba kamili, au karibu nayo sana. Na ukikutana na vitamini C, utaona kaboni 1, haidrojeni 1.33, oksijeni 1. Usiikate ile 1.33 ikawa 1. Zidisha zote kwa 3, upate fomula ya empiriko C3H4O3.

BintiMikarafuuni
6.1, 7.3, 1.22. Nikigawa kwa 1.22: 5, 5.98, 1. C5H6O, masi 82. 164 ÷ 82 = 2 kamili! C10H12O2. Ahsante sana mwalimu. Ila hizo asilimia wanazipataje? Haidrojeni haionekani.

KotiJeupe
Wanaichoma, mdogo wangu. Choma gramu 1.64 za yujenoli ndani ya oksijeni ya kutosha: kaboni yote inatoka kama kaboni dioksaidi, gramu 4.40, na haidrojeni yote inatoka kama maji, gramu 1.08. Unayanasa kila moja peke yake na kuyapima. Ndani ya 4.40 mna kaboni gramu 1.20, ndani ya 1.08 mna haidrojeni 0.12. Kilichobaki kufikia 1.64 ni oksijeni, 0.32. Mjerumani Justus von Liebig ndiye aliyeifanya kazi hii iwe rahisi mwaka 1831, kwa kifaa cha kioo chenye vitufe vitano vya kunasia ile kaboni dioksaidi.

Kuna jambo moja swali lenu halikuuliza. Isoyujenoli nayo ni C10H12O2, atomi zilezile, asilimia zilezile. Bondi moja maradufu tu (kiungo cha mara mbili kati ya kaboni mbili) imehama: kwenye yujenoli iko mwishoni mwa mkia wa kaboni tatu, kwenye isoyujenoli imesogea karibu na pete ya kaboni sita inayoshika mkia huo. Mizani haiwezi kuzitofautisha hizo mbili, hata ukichoma kilo nzima.

BintiMikarafuuni
Hilo nitamuuliza mwalimu kesho. Naomba unichoree huo mkia na hiyo pete, kaka, nizione.