Vikapu vya ukili kwenda Uingereza: VAT ya bidhaa za thamani ndogo hulipwa na nani?

Binti_Ngamiani aliandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wa yeyote anayefahamu kodi za Uingereza, kwa sababu nimekwama na sitaki kumkosea mteja wala kuvunja sheria ya nchi ya watu.

Ninauza vikapu vya ukili na kanga kutoka Tanga. Vikapu vinasukwa na akina mama watano tunaofahamiana, kanga nanunua kwa jumla, na wateja wangu wengi ni Waswahili waishio Uingereza ambao hunipata kwa WhatsApp na Instagram. Mwezi uliopita nilimtumia dada mmoja wa London vikapu 4, kila kimoja pauni 38, yaani pauni 152, na usafirishaji ukawa pauni 38. Mzigo ulipofika, kampuni iliyoubeba ilimtaka alipe pauni 50 kabla ya kukabidhiwa, ambapo pauni 38 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na pauni 12 ni ada yao ya kushughulikia karatasi. Alilipa, lakini alinipigia simu akiwa amenuna kweli kweli, akasema kwamba nilipaswa kumwambia mapema.

Wiki iyo hiyo nilimtumia mteja wa Leeds kanga doti 2 kwa pauni 36, pamoja na pauni 14 za posta. Yeye hakudaiwa hata senti moja. Nilidhani labda mizigo midogo imesamehewa kodi, na kwamba nikikaa chini ya kiwango fulani nitakuwa salama. Aliyenisaidia kufunga mzigo alinishauri kwamba siku nyingine niandike tu "zawadi" kwenye fomu ya forodha. Sijafanya hivyo, ila nakiri kwamba nilishawishika. Je, sheria inasemaje?

Karani_Mstaafu alijibu:

Dada yangu, nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka mingi, na swali lako limebeba kosa ambalo hata wauzaji wakubwa hulifanya, kwa hiyo usijilaumu. Kiwango unachokitafuta kipo, nacho ni pauni 135, lakini si mpaka wa msamaha wa VAT. Ni mpaka unaoamua nani aikusanye kodi hiyo na wapi ikusanywe.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 Uingereza ilifuta msamaha wa zamani uliokuwa ukiachia mizigo isiyozidi pauni 15. Mzigo wowote wa kibiashara unaotoka nje sasa unadaiwa VAT, ambayo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 20. Ikiwa thamani ya bidhaa zilizomo inazidi pauni 135, kodi hukusanywa mpakani, na mnunuzi ndiye anayeilipa kupitia kwa msafirishaji, kama ilivyomkuta mteja wako wa London. Hesabu yao ilikuwa sahihi: pauni 152 za vikapu na pauni 38 za usafiri ni 190, na asilimia 20 yake ni 38. Ada ya pauni 12 ni ya kampuni yenyewe, si ya serikali.

Ikiwa thamani haizidi pauni 135, kodi haikusanywi mpakani, bali muuzaji ndiye anayetakiwa kumtoza mnunuzi papo hapo anapouza, kisha aipeleke kwa HMRC, ambayo ndiyo mamlaka yao ya mapato. Kwa hiyo mteja wa Leeds hakusamehewa. Kodi yake ilikuwa juu yako wewe. Na kwa kuwa hukuitaja kwenye bei, zile pauni 50 alizokulipa zinahesabiwa kuwa tayari zina VAT ndani yake, yaani moja ya sita, pauni 8 na senti 33. Najua si habari njema.

Katika kupima pauni 135 huangaliwa bei ya bidhaa peke yake, bila usafiri wala bima, mradi gharama hizo zimeandikwa kwa mstari wake kwenye ankara. Ukiandika bei moja ya jumla, usafiri unamezwa na thamani ya bidhaa, na mzigo wa pauni 120 unaweza kuvuka mstari bila sababu. Lakini ukishafika kwenye kutoza VAT yenyewe, usafiri unaingia. Watu wengi hujikwaa hapa.

Kuhusu neno "zawadi", usiliandike kamwe. Msamaha wa zawadi upo, nao unaishia pauni 39, lakini ni wa mtu binafsi anayemtumia mtu binafsi mwenzake kwa tukio kama siku ya kuzaliwa, bila malipo. Kitu kilicholipiwa si zawadi hata kingefungwa kwa utepe. Hilo ni tamko la uongo kwa forodha.

Haya yote nayasema kwa England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake.

Duka_la_Kona alijibu:

Namuunga mkono Karani, na naomba niongeze upande wa pili, kwa sababu kwenye majukwaa haya sheria hii husimuliwa kana kwamba ilitungwa kuwaonea wauzaji wa Afrika.

Nina duka la vitambaa katika mji wa Reading, Uingereza. Mauzo yangu yamevuka pauni 90,000 kwa mwaka, hivyo lazima niwe kwenye VAT, na kila pauni 100 ya kitambaa ninayouza naiongezea pauni 20 za serikali. Kabla ya 2021, mtu aliye nje ya nchi aliweza kumtumia jirani yangu kitambaa cha pauni 14 bila kodi yoyote. Bidhaa ni ile ile na mteja ni yule yule, ila mimi niliye na pango la duka ndiye niliyekuwa ghali.

Wenye umri wangu watakumbuka habari ya CD na DVD. Visiwa vya Jersey na Guernsey viko nje ya mfumo wa VAT wa Uingereza, kwa hiyo kampuni zilijenga maghala huko na kutuma diski moja moja kwa posta, kila moja ikiwa chini ya kiwango cha msamaha, wakati maduka ya muziki ya mitaani yakifungwa. Serikali ilikishusha kiwango kutoka pauni 18 hadi 15 mwezi Novemba 2011, kisha ikauondoa kabisa msamaha huo kwa biashara ya posta ya visiwa hivyo tarehe 1 Aprili 2012. Visiwa vilikwenda mahakamani vikashindwa. Hayo yalikuwa ya diski tu, kabla ya vifurushi vya nguo kutoka China kufika kwa wingi tunaouona leo.

Kwa hiyo dada, pauni 8 zako hazikuwa zinalengwa na mtu. Sheria ilipowafuata wenye maghala ikakukuta na wewe njiani.

Binti_Ngamiani aliandika:

Nawashukuru sana, na kaka wa Reading nimekuelewa vizuri. Lakini naomba nitoe dukuduku langu.

Wewe mwenye duka ulisubiri hadi ulipofika pauni 90,000 ndipo ukalazimika kuingia kwenye VAT. Hapa Tanzania Bara nisingelazimika kujisajili kabla mauzo yangu ya mwaka hayajafika shilingi milioni 200, na siko hata karibu. Je, mimi wa nje nina kiwango gani? Na nikigawa oda ya vikapu 4 katika mizigo miwili, nitapata nafuu yoyote? Mwisho, mmoja wa akina mama hushona magauni ya watoto kwa kanga, nayo yanapendwa huko. Nayo yanatozwa vile vile?

Karani_Mstaafu alijibu:

Swali lako la kwanza ndilo lenye uchungu. Kiwango chako ni sifuri. Pauni 90,000 ni za mfanyabiashara aliye na makao Uingereza. Asiye na makao huko, akiuza moja kwa moja kwa mtumiaji mzigo usiozidi pauni 135, anatakiwa kujisajili tangu mauzo ya kwanza, kisha kupeleka ritani, yaani taarifa ya kodi, kwa kawaida kila baada ya miezi 3, kwa kutumia programu inayokubaliwa na HMRC. Kwa mtu wa doti 2 za kanga, gharama ya kuandaa ritani inaipita kodi yenyewe.

Na hapa, kaka wa Duka la Kona, ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Haikuwa lazima iwe hivyo. Australia ilianza kutoza kodi yake ya asilimia 10 kwa bidhaa ndogo kutoka nje tarehe 1 Julai 2018, lakini muuzaji wa nje anahusika tu ikiwa mauzo yake kwa Waaustralia yanafika dola zao 75,000 kwa mwaka. New Zealand ilifuata Desemba 2019 na ikaweka dola zake 60,000. Malaysia, iliyoanza Januari 2024 kwa bidhaa zisizozidi ringgit 500, inamdai anayezidisha mauzo ya ringgit 500,000 kwa miezi 12. Nchi zote hizo zinawafikia wenye maghala bila kumgusa mama anayesuka ukili. Uingereza haikumwachia mdogo wa nje mlango wa namna hiyo, na sioni sababu ya kuutetea uamuzi huo kwa sababu tu nia ya sheria ilikuwa njema.

Kugawa mizigo hakukupi nafuu ya VAT, kwa kuwa kodi ipo pande zote mbili za pauni 135. Utakachofanya ni kuutoa mzigo wa kodi kwa mteja na kuuweka kichwani kwako. Chini ya kiwango hicho hakuna ushuru wa forodha, hilo ni kweli, lakini vikapu vyako vimesukwa Tanzania kwa ukindu wa Tanzania, na kwa mpango wa Uingereza wa upendeleo kwa nchi zinazoendelea vinaweza kuingia bila ushuru hata juu ya pauni 135, mradi uweke tamko la asili ya bidhaa kwenye ankara. Kanga ni habari nyingine. Kanga iliyochapwa India haiwi ya Tanzania kwa kuwa tu ilinunuliwa Tanga na ina methali ya Kiswahili.

Magauni ya watoto wadogo yako kwenye kiwango cha asilimia sifuri. Doti ya kanga ikiwa kitambaa ni asilimia 20. Ikikatwa ikashonwa gauni la mtoto wa miaka 3 ni sifuri. Sheria za VAT zina vituko vyake.

Sasa njia zilizopo kwa mtu wa ukubwa wako ni chache. Ukiuza kupitia soko la mtandaoni kama Amazon au eBay, kwa mizigo isiyozidi pauni 135 soko lenyewe ndilo linalohesabiwa kuwa muuzaji mbele ya HMRC, linamtoza mnunuzi VAT na kuipeleka, nawe huhitaji kujisajili kwa ajili ya mauzo hayo. Utalipia kamisheni, lakini utalala. Njia nyingine ni kumuuzia mwenye duka aliyesajiliwa kwa VAT. Akikupa namba yake ya usajili, unaiandika kwenye ankara pamoja na maelezo kwamba mnunuzi ndiye atakayeitolea hesabu kodi hiyo, na wewe humtozi chochote.

Mpwa_wa_Bristol alijibu:

Shikamoo Karani. Naomba niongeze njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitumia na shangazi yangu wa Lamu.

Hawauzii wateja wangu moja kwa moja. Ananiuzia mimi, vikapu 40 kwa mara moja, na mimi ndiye mwagizaji. Nina namba ya EORI, yaani namba ya kumtambulisha mwagizaji forodhani, nalipa VAT ya mzigo mzima forodhani mara moja, kisha nauza kimoja kimoja hapa Bristol kwa jina langu. Kwa kuwa makao yangu ni hapa na mauzo yangu hayajakaribia pauni 90,000, silazimiki kujisajili, na wateja wangu hawapigiwi simu na msafirishaji. Ubaya wake ni kwamba VAT niliyoilipa forodhani sirudishiwi, kwa hiyo naiingiza kwenye bei. Hata hivyo natozwa juu ya bei ya jumla ya shangazi, si juu ya bei ya rejareja, na hiyo ni tofauti kubwa.

Tahadhari moja. Mzigo wetu wa kwanza msafirishaji aliuandika kuwa ni "vitu binafsi" bila kutuuliza, na tulisumbuliwa wiki mbili kuurekebisha. Dada, soma fomu kabla hujaondoka kaunta.

Binti_Ngamiani aliandika:

Nimeamua. Kanga za mtu mmoja mmoja nitazisimamisha hadi nifungue duka kwenye soko la mtandaoni. Kwa pauni 8 na senti 33 za Leeds, nitaiandikia HMRC kuuliza namna ya kuzilipa. Vikapu nitamuuzia kwa jumla dada wa London, ambaye tumepatana amekuwa radhi kuwa mwagizaji. Nimeandika ankara hivi, naomba mniangalizie: "Mchanganyiko wa kazi za mikono, vipande 20, pauni 440. Usafirishaji, pauni 95. Bidhaa hizi asili yake ni Tanzania."

Karani_Mstaafu alijibu:

Usafiri umeutenga vizuri. Ondoa "mchanganyiko wa kazi za mikono", kwa sababu afisa wa forodha hawezi kupata namba ya ushuru kwa maneno hayo na atauzuia mzigo ili aulize. Andika "vikapu vya kusukwa kwa majani ya mkindu, 20, kila kimoja pauni 22", na ankara yote iwe kwa Kiingereza. Tamko la asili lina maneno yake maalumu yaliyowekwa na sheria, kwa hiyo lisiandikwe kwa kubuni. Namba ya EORI ya dada wa London iwe juu kabisa, chini ya jina lake.