Naomba ushauri: je, sauti ya ubora wa juu ina mustakabali katika huduma za muziki mtandaoni?

Mwanailimba, Chamwino
Wanajamvi, salaam. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwarekodi wazee wetu wakipiga ilimba (ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze, na rekodi zote nimezitunza kwa biti 24 na kilohezi 96 (yaani sauti hupimwa mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 24), kwa kuwa ule mvumo mwembamba wa utando wa buibui kwenye tundu la ilimba ndio roho ya chombo chenyewe, nao ndio hutangulia kupotea faili ikibanwa mno. Sasa nataka kuziweka mtandaoni, lakini nasita. Mwaka 2017 huduma ya muziki ya Tidal ilianza kutoa muziki kwa MQA, muundo wa kubana sauti ya ubora wa juu, tukaaminishwa kwamba ndio wa kesho. Mwaka 2023 kampuni ya MQA ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kushindwa kujiendesha, na Julai 2024 Tidal ikauacha ikabaki na FLAC, muundo unaobana sauti bila kupoteza chochote. Je, niendelee kuandaa nakala za ubora huu, au niridhike na ubora wa CD (biti 16, kilohezi 44.1)?

Fundi wa Area D
Ndugu yangu, kutunza ni jambo moja na kusambaza ni jingine. MQA ulikuwa mali ya kampuni moja, na watengenezaji wa vifaa walihitaji leseni yake, kwa hiyo kampuni ilipoyumba muundo nao uliyumba. FLAC uko wazi kwa kila mtu tangu 2001, na Desemba 2024 ulichapishwa rasmi miongoni mwa viwango vya intaneti. Tunza kwa FLAC, biti 24 zako zote. Hata huduma zote zikifungwa, faili zako zitafunguka.

Mama Kwaya, Kikuyu
Mwanangu, naomba umfikirie pia msikilizaji. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 10 hivi. Kwa ubora wa rekodi zako ni 138 kabla ya kubanwa, na FLAC hupunguza takriban nusu tu. Bando la nani litastahimili? Tena wengi husikiliza kwa Bluetooth, ambako hata LDAC, njia yake ya kubana sauti kwa ubora wa juu, hukomea kilobiti 990 kwa sekunde, ilhali CD yenyewe ni 1,411. Sikio la binadamu huishia karibu kilohezi 20, na CD inafika 22, maana vipimo vya kilohezi 44.1 hubeba sauti hadi nusu yake. Spotify walipoleta sauti isiyopunguzwa, Septemba 2025, waliishia biti 24 na kilohezi 44.1, nami naona hapo panatosha kabisa.

Mwanailimba, Chamwino
Mama, shikamoo. Usiku huu nimeshusha rekodi moja hadi kilohezi 44.1, nikaisikiliza kwa hedifoni za waya mara nne. Mvumo wa utando upo wote. Nitapandisha hiyo, na zile za kilohezi 96 zitabaki kwangu.

Fundi wa Area D
Zimo kwenye diski ngapi?

Mwanailimba, Chamwino
Moja. Jumamosi nakwenda mjini kununua ya pili.