Injinia wa umeme: nianzie mtamboni au ofisini?

kijana_wa_volti: Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Namaliza uhandisi wa umeme na nimepata nafasi mbili, moja ya zamu kwenye mtambo wa kufua umeme kwa mvuke, nyingine ofisini kusanifu sola. Moyo unataka ofisini maana usiku nitalala, ila mwalimu wangu anasema nitajuta. Mnasemaje?

mzee_wa_tabaini: Nenda mtamboni. Mimi zamu nimepiga miaka tisa, harusi na sikukuu nimezikosa nyingi tu, sikudanganyi. Lakini siku nilipoachiwa kuunga jenereta kwenye gridi ndo nikajua chuoni nilikuwa nakariri. Volti zilingane, masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yakaribiane, mpangilio wa fezi uwe uleule, halafu unaukodolea macho ule mshale wa kipimo kinachoonyesha jenereta na gridi zinavyopishana, unavyozunguka taratibu, unafunga breka, ile swichi kubwa ya kuunganisha, kabla kidogo haujafika juu kabisa maana breka nayo inachelewa kufunga. Ukikosea shafti nzima inapigwa mtikisiko. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa chapachapa.

jua_kali_kwati: Napinga kidogo mkuu. Nani kakwambia sola ni kulala? Jenereta kubwa zina uzito unaozunguka, mtambo mmoja ukizima ghafla ule uzito ndo unazuia masafa yasiporomoke haraka. Paneli hazina kinachozunguka, kwa hiyo inveta (zinazogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) na betri ndo zibebe hiyo kazi kwa programu, na wa kukaa kuzikokotoa ni sisi hao wa ofisini. Na simu za saa nane usiku tunapigiwa vilevile.

fundi_laini: Mdogo wangu popote utakapoenda, usimwamini mtu akikwambia laini imezimwa. Nikiwa mgeni kazini msimamizi alinambia panda tu, nikainua testa ikalia, kumbe wamefungua swichi ya laini ya jirani. Tangu siku ile naweka kufuli langu mwenyewe na ufunguo unakaa mfukoni, napima, na testa yenyewe naijaribu kwenye kitu chenye umeme kabla na baada, ndo nafunga erthi. Wananiita mwoga, poa tu.

kijana_wa_volti: Kabla naelewa, ila baada ya nini tena?

fundi_laini: Inaweza kufa katikati. Ikinyamaza utajuaje kilichokufa ni laini au testa?

kijana_wa_volti: Duh. Basi zamu, naenda kusaini Jumatatu.