Wanaomtafuta Bigfoot maisha yao yote: jibu wanalo, mbona hawalipokei?

Wakuu, naleta mada ambayo kila ikiguswa huishia kwenye kicheko, na naamini inastahili zaidi ya hapo. Huko Marekani na Kanada kuna watu waliotoa umri wao wote kumtafuta Bigfoot, lile jitu la manyoya linalosemekana kutembea wima katika misitu ya upande wa Pasifiki. Wengine walianza wakiwa vijana, wakafa wazee, na bado walikuwa wanatafuta. Je, tuwaheshimu, au tuseme wazi kwamba wamepoteza maisha?

Kwetu huku nimezoea kusikia majibu mawili. La kwanza: Wazungu wameshiba, hawana kazi. La pili: hata gorila wa milimani alikuwa hadithi mpaka mwaka 1902, afisa wa Kijerumani von Beringe alipowapiga risasi wawili kwenye mlima Sabinyo, kwa hiyo waacheni watafute. Yote mawili nayakataa. Watu hawa walifanya kazi halali, tena ngumu, na kazi hiyo ikazaa jibu. Jibu ni hapana. Kutafuta halikuwa kosa. Kosa ni kuligeuzia kisogo jibu ulilolihangaikia mwenyewe.

Nieleze kwanza jambo lilivyoanza, maana wengi wanadhani ni la kale sana. Wenyeji wa asili wa British Columbia, jimbo la Kanada, wana masimulizi yao ya Sasquatch (jina jingine la jitu hili) tangu zamani, na hayo siyagusi, ni mali yao. Lakini Bigfoot huyu wa magazetini alizaliwa Agosti 1958 huko Bluff Creek, kaskazini mwa California. Dereva wa tingatinga aitwaye Jerry Crew alikuta nyayo za inchi 16 kuzunguka mtambo wake, akamimina plasta, akapeleka unyayo gazetini. Mkandarasi wa barabara ile alikuwa Ray Wallace. Alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa miguu ya kuchonga ya mbao na kusema baba ndiye aliyekuwa akiikanyagisha kwenye udongo kwa utani. Na ni huko huko Bluff Creek ambako tarehe 20 Oktoba 1967 Roger Patterson na Bob Gimlin walipiga ile filamu ya chini ya dakika moja, jitu likikatiza na kugeuza kichwa. Miaka mingi baadaye akajitokeza mtu aliyedai kwamba yeye ndiye aliyevaa vazi lile la manyoya. Wanabishana hadi leo.

Sasa watazame watu wenyewe. René Dahinden, Mswisi, alifika Kanada mwaka 1953, akasikia habari hizi, na hakuziacha mpaka alipofariki mwaka 2001. John Green alikuwa mwandishi wa habari. Alikusanya maelfu ya ushuhuda, akihoji watu mmoja mmoja, mpaka kifo chake mwaka 2016. Peter Byrne aliwahi kumtafuta yeti, jitu la manyoya linalosimuliwa kule Himalaya, kwa fedha za tajiri wa mafuta wa Texas, Tom Slick, kisha akahamia misitu ya Oregon. Na yupo Grover Krantz, profesa wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Washington State, ambaye wenzake walimcheka na kupandishwa cheo kwake kukacheleweshwa kwa sababu ya utafiti huu. Huyu alisema waziwazi kwamba lazima mmoja auawe, kwa kuwa bila mwili sayansi haitasikia. Alipofariki mwaka 2002 aliacha mwili wake mwenyewe kwa sayansi. Mifupa yake iko kwenye makumbusho ya Smithsonian pamoja na ya mbwa wake. Mtu wa aina hiyo simwiti mjinga, na ninamheshimu kuliko wengi wanaomcheka.

Tena walikuwa tayari kupimwa, na hili watu hawalisemi. Mwaka 1976 Byrne alipeleka nywele kwa FBI zichunguzwe. Makachero hao wangeweza kuzitupa, lakini walizipima, na mwaka 1977 wakaandika matokeo: ni za mnyama wa jamii ya kulungu. Nyaraka zenyewe ziliwekwa hadharani mwaka 2019. Kisha Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, akatangaza kwamba yeyote mwenye nywele za jitu hili, liwe la Marekani, Himalaya au Urusi, amletee. Zililetwa sampuli 57. Akachagua 36, na 30 zikatoa vinasaba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: dubu, farasi, ng'ombe, jamii ya mbwa, kulungu, na unywele mmoja wa binadamu. Hapakuwa na kiumbe kipya. Mbili za Himalaya alidhani ni za dubu wa ajabu wa kale, lakini wenzake walipozirudia wakakuta ni dubu wa kahawia wa kawaida wa milima ile. Mwaka 2017 Charlotte Lindqvist akapima vitu tisa vilivyosemekana ni vya yeti. Vinane vilikuwa vya dubu, na kimoja cha mbwa.

Ongeza na utafiti wa mwaka 2024 uliolinganisha ramani za ushuhuda wa Bigfoot na idadi ya dubu weusi huko Marekani na Kanada. Penye dubu wengi zaidi, ushuhuda nao huongezeka, hata ukizingatia wingi wa watu na ukubwa wa misitu. Dubu mweusi husimama kwa miguu miwili. Mtu akimwona jioni, kwenye ukungu, kwa sekunde mbili tatu, hadanganyi anaposema ameona kitu kikubwa chenye manyoya kimesimama.

Ndiyo maana hoja ya gorila wa milimani hainishawishi, na tunayo mifano mizuri zaidi hapa nyumbani. Wawindaji wa Kinyakyusa wa mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kima mwenye haya, kipunji. Watafiti wakaanza kumfuatilia mwaka 2003. Wengine wakamkuta kwa njia yao wenyewe mwaka 2004 kule Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa duniani kwa picha tu. Baadaye mmoja akanasa kwenye mtego wa mkulima, akafa, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha hana jenasi (kundi la spishi za karibu) ya kumweka. Ikabidi aundiwe yake, Rungwecebus. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria wapo elfu moja na mia moja hivi tu. Pale pale Ndundulu, mwaka 2005, kamera zilizotegwa msituni zilimnasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, na kufikia mwaka 2008 alikuwa ameshapewa jina. Okapi wa Ituri hali kadhalika: kabla sayansi haijamtambua mwaka 1901, Harry Johnston alikuwa ameshapata vipande vya ngozi yake vilivyokuwa mikononi mwa wenyeji. Mnyama aliyepo huacha mwili, ngozi, kinyesi, jino. Wanyama hawa walikuwa wachache, waoga, na kwenye misitu minene. Hata hivyo, watu walipowafuata kwa dhati, walipatikana ndani ya miaka michache.

Kinachoniuma ni kinachoendelea baada ya jibu kutoka. Mwaka 2008 watu wawili wa Georgia, mmoja wao polisi, walitangaza wana maiti ya Bigfoot kwenye friji. Barafu ilipoyeyuka likabaki vazi la mpira. Kuna wanaowatoza watu fedha kwa safari za msituni, na televisheni imemtafuta kwa misimu kadhaa bila kumpata. Na Desemba 2024 wanaume wawili kutoka Oregon waliingia kwenye msitu wa Gifford Pinchot, jimbo la Washington, kumtafuta Sasquatch, wakashindwa kurudi Krismasi. Wasamaria zaidi ya 60 waliwasaka kwa siku tatu kwenye baridi na theluji. Walikutwa wamekufa kwa baridi. Wale wawili nyumbani kwao walikuwa wanangojewa. Sitaki kusikia mzaha juu ya hilo.

Nauliza tena: mtu aliyekwisha kupata jibu, tukimtia moyo aendelee, tunamheshimu au tunamtelekeza? Karibuni.

Mchangiaji kutoka Tukuyu:

Mkuu, nakushukuru kwa kutuletea kipunji, ila umemtumia nusu nusu. Wazee wetu walimjua kabla ya huyo mtafiti kuzaliwa. Hakuna aliyewauliza. Na kama mtafiti yule angekuja na msimamo wako, kwamba kisicho kwenye vitabu hakipo, angepita barabarani akaenda zake Mbeya mjini. Aliwaamini wawindaji kwanza, ushahidi ukafuata. Sasa wale wenyeji wa British Columbia nao ni wazee wenye misitu yao. Mbona wa Rungwe wasikilizwe, wa kule uwaweke pembeni kwa maneno ya heshima eti "ni mali yao"?

Halafu nikukumbushe Jane Goodall, mama aliyekaa na sokwe wa Gombe kuanzia mwaka 1960. Mwaka 2002 alisema kwenye redio ya Marekani kwamba ana hakika viumbe hawa wapo. Huyo si mtu wa mitaani. Nani kati yetu anawajua wanyama wa jamii hiyo kumzidi?

Mchangiaji aliyeko Portland, Oregon:

Nipo huku karibu na misitu hiyo, kaka, na nitasema kidogo tu. Watu hawa ninaonana nao. Ni mafundi magari, ni manesi wastaafu. Ijumaa jioni wanapakia mahema, Jumapili wanarudi wamechoka na wamefurahi. Wengi wao hata ukiwabana watakuambia hawana uhakika. Kaunti ya Skamania, ng'ambo ya mto Columbia, ilipitisha sheria tangu mwaka 1969 ya kumwadhibu atakayemuua Sasquatch, wakati huo faini ikiwa hadi dola elfu kumi na kifungo hadi miaka mitano. Ukiuliza, wapo watakaokuambia sheria hiyo ilikuwa ya kuzuia watu wasipigane risasi kwa bahati mbaya msituni. Hao waliokufa ni msiba, lakini hata wapanda milima wa kawaida hufa huku kila mwaka na hakuna anayesema kupanda mlima ni kupoteza maisha.

Mleta mada:

Ndugu wa Tukuyu, la kuwasikiliza wazee tuko pamoja, na umenibana vizuri. Lakini tazama kilichofuata baada ya kusikiliza. Wazee wa Rungwe waliposema yupo, watafiti walifuata maneno yao na kima akaonekana. Kule Pasifiki nao walisikilizwa. Miaka ya 1920 mwalimu J. W. Burns aliandika masimulizi ya wenyeji, na wakina Dahinden na Green wakayafuata kwa miguu kwa karibu nusu karne. Haiwezekani kusema hakuna aliyekwenda. Huenda masimulizi yale yanabeba jambo jingine kabisa kwa wenyewe, na aliyekosea ni mgeni aliyeyachukua kama maelekezo ya kuwindia.

Kuhusu Mama Goodall, Mungu amrehemu, maneno yale aliyasema. Ila baadaye alikuwa akieleza kwamba yeye ni mtu wa kupenda mambo ya aina hiyo na angetamani wawepo, na yeye mwenyewe alishangaa kwa nini hakuna mwili hata mmoja. Kwenye sokwe alituletea kazi ya miaka mingi, tukamwamini kwa kazi hiyo. Kwenye Bigfoot alituletea matumaini yake.

Na kama tatizo ni kwamba misitu ni mikubwa, chukueni mfano wa California ile ile ya Bluff Creek. Kuna mnyama wa jamii ya nyegere aitwaye wolverini, ambaye huko alihesabiwa kuwa ametoweka tangu miaka ya 1920. Februari 2008 kamera ya mwanafunzi aliyekuwa akitafuta mnyama mwingine kabisa ilimpiga picha. Mnyama mmoja, peke yake, katika milima yote ile. Wakakusanya nywele na kinyesi chake, wakapima, wakajua asili yake ni upande wa milima ya Rocky, mamia ya kilomita kutoka pale. Mnyama mmoja wa ukubwa wa mbwa hakuweza kujificha. Kwa Bigfoot tunaambiwa tuamini kundi zima la majitu yenye kuzaana, vizazi kwa vizazi, lisiloacha hata jino.

Kaka wa Portland, wa Ijumaa hadi Jumapili sina neno nao. Aende, afurahi, arudi kazini Jumatatu. Hoja yangu ni juu ya yule aliyeacha kazi na akiba yake kwenye jambo hili, na zaidi juu ya anayemuuzia safari huku akijua vipimo vilisema nini. Mpanda mlima akifika kileleni anashuka, na asipofika anajua kwamba hakufika. Mtafuta Bigfoot kila vipimo vikirudi na jibu la dubu huambiwa sampuli ilikuwa mbaya, apeleke nyingine.

Kwa hiyo ndugu wa Tukuyu, nakuomba jambo moja kabla hatujaendelea. Mimi nitabadili msimamo likiletwa jino, fupa au kipande cha ngozi, kikapimwa na maabara mbili zisizojuana, zikakubaliana kwamba si cha mnyama tunayemjua. Nimeandika, mtanishika kwa hilo. Wewe nawe taja kitu gani kikitokea utakubali kwamba hayupo.